Dada wa Kilwa, msichimbe msingi kabla ya karatasi

Msimamishe fundi kwanza, mengine baadaye.

Dada wa Kilwa ameuliza mambo matatu: kikundi chao cha akina mama wakisajili wapi, waanze na mwani au mafuta ya nazi, na mfadhili wa kituo cha kulelea watoto wampate vipi, maana mama zao wakiwa baharini watoto wanabaki wanazurura. Wengi mmemjibu vizuri. Lakini katikati ya maelezo yake kuna maneno yamepita na hakuna aliyeyashika: "kiwanja tumeshapewa na mzee mmoja hapa kijijini, wiki ijayo tunachimba msingi."

Mdogo wangu, mmepewa kwa mdomo au kwa maandishi? Wanawe wanajua? Wake zake je?

Sisi Pangani tulipewa hivyo hivyo. Mzee wetu alikuwa mtu wa watu, hana choyo hata kidogo. Alisimama baada ya swala ya Ijumaa akasema kile kipande chake cha nyuma ya minazi amewatolea watoto wa kijiji kwa ajili ya Mungu. Dua ikasomwa, tukaitikia amina, akina mama wengine wakalia kwa furaha. Mweka hazina wetu, mama aliyeishia darasa la saba, akasema jioni ile ile: twendeni kwa mtendaji yaandikwe.

Aliyetuzuia ni afisa mradi wa shirika lililokuwa likituletea saruji na bati. Alisimama mbele ya kikundi kizima akasema kumdai mzee karatasi ni kumvunjia heshima, kijijini neno la mtu mzima linatosha. Heshima gani? Mwaka wake wa fedha ulikuwa unafungwa, saruji isipotumika inarudi, naye anatakiwa apeleke picha ya jengo. Bango lenye nembo yao lilisimama kabla hata ya msingi. Mtu msomi, sheria anaijua, anawaambia wanawake wanaosuka makuti na kukaanga samaki kwamba hawahitaji hati! Hasira yangu juu yake haijaisha na sina haja ya kuificha.

Basi tukajenga. Mchanga tuliusomba wenyewe kwa ndoo, jioni, baada ya kutoka dikoni. Fundi tulimlipa kwa hisa za kikundi, fedha ambazo mwisho wa mzunguko zilikuwa zigawanywe watu wanunue sare za shule. Minazi minne ikakatwa kupisha vyumba. Watoto wakaanza kuja asubuhi, wanakunywa uji, wanaimba, mama zao wanakwenda kazini roho zimetulia.

Mzee akafariki. Wakati huo barabara ya lami ya kutoka Tanga ilikuwa inajengwa na ardhi ya karibu na bahari imepanda bei kila upande. Arobaini haijafika, mwanawe mkubwa akaja kutoka Dar na dalali. Wakakunjua futikamba barazani, watoto wako na vikombe vyao vya uji mkononi, dalali anawaambia sogeeni kidogo nipime. Wakasema baba aliwaazima tu. Juu yake wakadai fidia ya minazi tuliyokata, na hapo walikuwa na la kusema, kwa sababu pwani kwetu mnazi una mwenyewe hata kama ardhi ni ya mwingine, na ile minne alishawagawia mabinti zake.

Tulikwenda baraza la ardhi la kijiji. Wengi hamjui kwamba lile baraza kazi yake ni kusuluhisha, halina uwezo wa kumlazimisha mtu. Kusuluhisha kunataka ushahidi. Wale wanaume walioitikia amina Ijumaa ile, mmoja ni mjomba wa warithi, mwingine kaahidiwa kazi ya ulinzi kwa mnunuzi, waliobaki "hawakumbuki vizuri." Upande wa pili wana msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na Mahakama ya Mwanzo, na karatasi yenye muhuri. Sisi tuna picha za uzinduzi. Tukaruhusiwa kung'oa bati, milango na madirisha, basi. Misumari tuliichomoa mmoja mmoja na kuinyoosha kwa jiwe. Saruji haing'oki. Yule afisa alishahamishiwa mkoa mwingine, simu hapokei.

Sasa wewe fanya hivi, wiki hii. Nenda na viongozi wa kikundi kwa mzee, kwa adabu zote, mwambie mnataka sadaka yake isije ikapotea. Awaite wake zake na wanawe wakubwa, walio mbali wapigiwe simu waje. Iandikwe, wote watie sahihi, pamoja na majirani wa mipakani, na minazi itajwe. Akisema ni wakfu, yaani ameitoa moja kwa moja kwa ajili ya Mungu isiuzwe wala isirithiwe, iandikwe wakfu, shehe awepo. Akisema "nikifa mchukue," msikubali kujenga, huo ni wasia, na kwa sheria ya Kiislamu wasia hauvuki theluthi ya mali bila warithi kuridhia. Kisha mpeleke kwa mtendaji wa kijiji, iingie halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, mpate nakala ya muhtasari wenye muhuri, halafu mwombe hati ya hakimiliki ya kimila, ndiyo hati ya kumiliki ardhi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaruhusu kikundi kumiliki, kwa hiyo jina liwe la kikundi, lisiwe la mwenyekiti wenu. Pimeni pia umbali wa kiwanja kutoka baharini: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Kama kuna mrithi mmoja anakataa, shukuruni muondoke. Watoto wanaweza kukaa kwenye baraza ya mtu au chumba cha madrasa mchana. Ndivyo tunavyofanya sisi sasa, na uji wanakunywa.

Atakayekwambia nachelewesha maendeleo, muulize yeye kajenga kwenye ardhi ya nani.

Usajili, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkiwa na katiba na muhtasari, na kituo cha watoto kina kibali chake kupitia ustawi wa jamii. Mwani na mafuta ya nazi wamekujibu wengine. Mimi nijibu moja tu: huyo mzee ana watoto wangapi, na wako wapi?