Bwana harusi yuko Muscat: ndoa kwa wakala inavyofungwa

Dada uliyeuliza kama ndoa yako itaswihi mchumba akiwa Muscat hana likizo: inaswihi, akiweka wakala wa kuikubali ndoa kwa niaba yake. Mimi nilisimama wakala wa mdogo wangu hapa Unguja, naye alikuwa kazini hukohuko. Shangazi yako anayesema hiyo si ndoa mwambie kwa upole kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa Madina na Bi Umm Habiba yuko Habasha (Uhabeshi) walipooana, na Najashi, mfalme wa huko, ndiye aliyetoa mahari kwa niaba ya Mtume. Tena uwakala haututoki harusini. Baba akimwambia sheikh "niozeshee binti yangu", sheikh keshakuwa wakala.

Shughuli yote iko kwenye maneno. Huku Pwani wengi wetu ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, na kwetu sisi jina la mume halina budi litajwe pande zote mbili. Walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, hamwambii wakala "nimekuozesha". Husema "nimemwozesha fulani bin fulani binti yangu fulani, kwa mahari kadhaa," na wakala hujibu "nimemkubalia fulani ndoa yake." Siku yetu nimeshikana mkono na baba wa binti, mzee wa watu kwa mazoea akatamka "nimekuozesha". Sheikh akamkatiza hapohapo, akawageukia mashahidi wawili kuwaambia lile halihesabiwi, tukaanza upya. Vijana walicheka, lakini kwa kweli sheikh alituokoa sote.

Wakala achaguliwe na mume mwenyewe. Mdogo wangu alinipa barua yenye saini, jina kamili la binti na la baba yake, na kiasi cha mahari, kisha akapiga simu sheikh akasikia kwa masikio yake. Barua si sharti la ndoa, ila inafunga midomo ya watu baadaye, kwa hiyo muombe mchumba aiandike. Wakala haongezi mahari wala hapunguzi, na akdi, yaani kule kufunga ndoa, ikisha kazi yake imekwisha. Talaka haimo mkononi mwake.

Kuna aliyependekeza akdi ifungwe kwa simu ya video; mimi siipendi. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la wanazuoni wa sheria, ilipokutana Jeddah mwaka 1990 ilikubali mikataba kwa vyombo hivi, lakini ndoa ikaitoa kwa sababu ya sharti la mashahidi. Wakala yuko, ya nini kutia shaka?

Mlioko Bara na Kenya mna sheria zenu za ndoa, muulizeni kwanza anayesajili ndoa kabla ya kualika watu. Na kama mnafikiria kuhamia Marekani, jueni kwamba uhamiaji wao hauitambui ndoa ya namna hii mpaka mume na mke wawe wameingiliana baada ya akdi. Wekeni tiketi na mihuri ya pasipoti ya safari atakayokuja mume, iwe ushahidi kwamba mlikutana baada ya akdi.