Kiongozi akisemwa "ana maslahi": maana yake, kwa mfano wa mizani ya korosho

Mleta mada, umeuliza watu wakisema "fulani ana maslahi" wanamaanisha nini, na kama hilo ni kosa. Umesema pia kiongozi wa AMCOS yenu (chama cha msingi cha ushirika wa mazao) anapinga mizani ya kidijitali na hamuelewi kwa nini. Nimekaa misimu kadhaa kwenye kamati ya usimamizi ya AMCOS moja ya korosho huku Kusini, nitakujibu kwa niliyoyaona ghalani.

Kuwa na maslahi si kosa. Mkulima anayo, mnunuzi anayo, hata dereva wa lori. Shida inaanza pale mtu anayefaidika na mambo yalivyo sasa anapokuwa ndiye mwenye kuamua kama yabadilike. Huyo hatasema "nitakosa hela". Atasema wakulima hawako tayari, mtandao unasumbua, tusubiri msimu ujao.

Chukua hiyo mizani. Gunia linapimwa, karani anasoma, anaandika kwa mkono. Mshale ukicheza kati ya 83 na 85 anaandika 82, ukiuliza unaambiwa unyaufu. Ni kweli korosho ikikaa inapungua uzito. Sasa mbona mzigo ukifika ghala kuu kilo zinazidi zile zilizoandikiwa wakulima? Kwetu ziada hiyo ilikuwa inaibukia kwenye majina ya watu wasio na mkorosho hata mmoja. Mizani ya kidijitali inatoa risiti papo hapo, kalamu haina nafasi tena. Kuanzia hapo kasikilize upya hizo hoja za mtandao kusumbua.

Ila usidhani ni viongozi wa ushirika tu. Mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima anapeleka korosho ghalani, anapewa stakabadhi, kisha zinauzwa kwa mnada, ulipoanza kwenye korosho Mtwara, msimu wa 2007/08, waliopiga kelele ni wanunuzi waliozoea kuingia vijijini, pamoja na watu wa kangomba, wale wanaomkopesha mkulima wakati wa njaa halafu wanajilipa kwa korosho za bei ya kutupa. Walidai mkulima atacheleweshewa malipo. Na hapa ndipo pagumu: malipo yalichelewa kweli. Aprili 2013 kule Liwale, mkoani Lindi, hasira za malipo ziliishia kwenye kuchoma nyumba za watu. Mwenye maslahi anaweza kusema kweli tupu, maana kweli hiyo inamfaa. Kumjua anakula wapi hakukuondolei kazi ya kupima hoja yake.

Wanaoutetea mfumo nao wana chao. Mwendesha ghala, chama kikuu (muungano wa AMCOS), AMCOS yenyewe, halmashauri, kila mmoja ana makato yake kabla hela haijamfikia mkulima. Mwaka 2018 wakulima walipogomea bei za mnada na serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, waliozidisha kilo 1,500 walitakiwa kuhakikiwa mashamba yao. Ghafla kila kangomba akawa mkulima wa kurithi!

Kwa suala lenu, msimshutumu mtu mkutanoni kwa hisia, atawageuzia kibao. Ombeni vitu viwili visomwe kwenye mkutano mkuu: jumla ya kilo zilizoandikiwa wakulima msimu uliopita, na jumla ya kilo zilizopokelewa ghala kuu. Tofauti ikiwepo, waulizeni ilienda kwa nani. Halafu kama kuna kiongozi ambaye ndugu yake amepewa kazi ya kusafirisha au kuleta magunia, atamke mapema, atoke nje wakati wa kuamua, na muhtasari uandike kwamba alitoka. Kwetu mmoja alitoka kweli, akasimama dirishani anasikiliza, ikabidi katibu ainuke kufunga dirisha.

Mkinyimwa hizo takwimu, andikeni barua kwa afisa ushirika wa wilaya, isainiwe na wanachama wengi, na mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Barua ya mtu mmoja huwa "inapotea".