Maswali na Majibu: Kuondoa seva moja ya kache bila kuilemea hifadhidata

SWALI: Ndugu wahariri, tuna seva nne za kache (zinazotunza nakala za kurasa ili hifadhidata isiulizwe kila mara) zenye programu ya Varnish, na mbele yake programu ya HAProxy inayogawa maombi kwa kufuata anwani ya ukurasa (`balance uri`). Wiki iliyopita tulizima Varnish kwenye seva ya tatu ili tuongeze RAM. Baadhi ya watumiaji walipata kosa la 503 (huduma haipatikani) kwa sekunde chache, kisha hifadhidata ikaelemewa kwa karibu nusu saa, ilhali seva tatu zilikuwa nzima. Tulikosea wapi? *Msomaji, Arusha*

JIBU: Hapo mna matatizo mawili, na kila moja lina chanzo chake.

Zile 503 zilitokea kwa sababu seva ilizimwa kabla HAProxy haijaambiwa. Msipobadilisha chochote, hukagua afya ya seva kila sekunde 2 na huitangaza imekufa baada ya kushindwa mara 3. Kwa takribani sekunde 6, basi, maombi huendelea kupelekwa kwenye mlango uliofungwa. Seva ikaushwe kwanza, yaani imalize maombi iliyo nayo bila kupewa mapya, kwa amri hii inayopita kwenye soketi ya HAProxy (njia ya kuipa amri ikiwa inaendelea na kazi):

`echo "set server bk_kache/kache3 state drain" | socat stdio /run/haproxy/admin.sock`

Soketi hiyo lazima iwe na `level admin` kwenye usanidi, la sivyo amri itakataliwa. Kisha tazameni safu ya `scur` (idadi ya miunganisho iliyopo) katika amri ya takwimu, `show stat`, mpaka ifike 0. Upakuaji wa faili kubwa unaweza kuishikilia muda mrefu. Mkichoka kusubiri, `shutdown sessions server bk_kache/kache3` hukata miunganisho iliyobaki. Hapo ndipo muweke `state maint` (hali ya matengenezo) na kuzima mashine. Kama mnawaunganisha watumiaji na seva zao kwa kuki (alama inayotunzwa kwenye kivinjari), `drain` haitoshi, kwa kuwa wenye kuki huendelea kupokelewa: wekeni `maint` moja kwa moja. Andikeni pia `disabled` kwenye mstari wa seva hiyo ndani ya faili la usanidi, maana amri za soketi hupotea mtu akiwasha upya HAProxy katikati ya kazi.

Sasa hifadhidata, ambayo ndiyo iliyokuwa hatarini zaidi. Tuseme mnapokea maombi 1000 kwa sekunde na kache hujibu 90 katika kila 100. Chanzo, yaani hifadhidata iliyo nyuma ya kache, hupata 100 tu. `balance uri` isipoelekezwa vingine huigeuza anwani kuwa namba, kisha huigawa namba hiyo kwa idadi ya seva zilizo hai; baki ndilo huchagua seva. Idadi ikishuka kutoka 4 hadi 3, ni takribani robo tu ya anwani zinazobaki kwenye seva zilezile. Robo tatu huangukia seva ambazo hazijawahi kuziona. Mwanzoni kabisa chanzo hupigwa na maombi 750 yasiyo na nakala, pamoja na 25 ya kawaida: jumla 775. Seva tatu zilikuwa nzima, lakini kwa anwani nyingi zilikuwa tupu.

Dawa ni mstari mmoja kwenye usanidi wa HAProxy, `hash-type consistent`. Hapo ni anwani za seva iliyoondoka tu zinazohama: 250 mpya na 75 za kawaida, yaani 325. Tahadhari: kubadilisha mstari huo nako huhamisha takribani robo tatu ya anwani. Ufanyeni usiku, siku kadhaa kabla ya matengenezo.

Angalieni pia uwezo wa zinazobaki. Kila moja itapanda kutoka maombi 250 hadi takribani 333. Kama yoyote hufika 75% ya uwezo wake saa za kilele, kazi hiyo haifai kufanyika mchana.

SWALI: Ikirudi, irejeshwe vipi? *Msomaji yuleyule*

JIBU: Polepole. Varnish iliyowashwa upya haina kitu kwenye kumbukumbu, na `state ready` (kuirudisha kazini) huipa fungu lake lote papo hapo. Kabla ya hapo, chukueni anwani zinazoombwa sana kutoka seva nyingine kwa `varnishtop -i ReqURL`, kisha ziombeni kwa `curl` moja kwa moja kwenye seva inayorudi. Kichwa cha `Host` (jina la tovuti linaloambatana na ombi) kiwe kilekile wanachotuma watumiaji. Kikitofautiana, mtajaza kumbukumbu kwa nakala ambazo hakuna atakayeziomba. Halafu wekeni `set server bk_kache/kache3 weight 10%`, ndipo `state ready`, na mpande hadi 25%, 50% na 100%, kila hatua mkisubiri `MAIN.cache_miss` (hesabu ya maombi yaliyokosa nakala) katika `varnishstat` ipunguze kasi ya kuongezeka. Hatua hizi za uzito zinahitaji `hash-type consistent`. Mgao wa kawaida hukubali 0% au 100% tu.

SWALI: Sisi tunabadilisha kebo tu, Varnish haizimwi. Kuna la kuhofia? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Lipo, tena hili hugunduliwa na wateja kabla ya mafundi. Kebo ikiwa nje, amri za kufuta nakala zilizopitwa na wakati haziifikii seva hiyo. Ikirudi, itagawa bei za jana au habari iliyokwisha kusahihishwa, na ukaguzi wa afya utaonyesha kila kitu ni kijani. Kabla ya `state ready`, endesheni `varnishadm ban 'req.url ~ .'`, inayobatilisha nakala zote, kisha mfuate hatua za kuijaza zilizotajwa hapo juu.