4294967297: bableu ba L1, anzeni na kaye kwanza

Bableu bote, benye munaanza L1 (mwaka wa kwanza wa chuo) mu maths na enformatiki huku Bukavu, karibuni. Iko namba moja asista batawapa tu, leo ao kesho: 4294967297. Ni 2 kipeo 32, unaongeza 1, basi. Fermat, mtu wa tribinali kule Toulouse mu miaka ya 1600, aliona 3, 5, 17, 257 na 65537 (2 kipeo 1, 2, 4, 8 na 16, kila moja unaongeza 1) zote ni namba tasa, akaamini na hii yenye inafuata itakuwa vile vile.

Na mie niliamini, juu mashini ilinijibu hivyo. Ilikuwa TP (kazi ya mazoezi) ya kwanza, tuko batatu kwa mashini moja, umeme unaweza kwenda saa yoyote, nikaandika programu ya kugawanya namba kwa 2, kwa 3, hivyo hivyo mpaka kwenye mzizi wake, nikabonyeza, hata sekunde haijaisha ikatoka: tasa. Nikaanza kujisifu. Asista akaniambia tu, andikisha kwanza namba yenye mashini imeshika. Ikatoka 1. Kumbe kale kasanduku nilichagua ka kuwekea namba mu programu kanabeba biti 32 tu (tarakimu 32 za 0 na 1), mwisho wake 4294967295, ukipitisha hapo kanarudi sifuri kisha 1, kama kontere ya pikipiki ya zamani, na 1 programu yangu haikuona cha kuigawanya. Na 1 hata si tasa! Kosa juu ya kosa.

Euler, mtu wa hesabu wa Uswisi, alimaliza hii maneno mu 1732 bila mashini yoyote: 4294967297 ni 641 mara 6700417. Ukijaribu namba tasa moja moja kuanzia 2, 641 ni ya 116, utachoka. Yeye alionyesha kama kigawanyo chochote chake lazima kiwe 64 mara kitu, ongeza 1, kwa hiyo unajaribu zile tasa tu za namna hiyo: 193, 257, 449, 577, ya tano ni 641, na imekubali.

Sasa kamata biki uhakikishe ile 641, na namba kubwa usiiguse hata, fuata mabaki tu. 2 kipeo 8 ni 256. Kipeo 16 ni 65536, toa 641 mara 102, inabaki 154. Kipeo 32 basi, kwa mabaki, ni 154 mara 154, ni 23716, na 641 mara 37 ni 23717, imekosa 1 tu! Ile 1 yenye tuliongeza pale mwanzo ndiyo inajaza shimo. Mie siku niliona hii nilirudia mara tatu, nikidhani nimeiba mahali.

Fanyeni vile vile na 193, mukipata inabakiza 109 mumefanya vizuri, kisha ndio mufungue mashini, na muchague kasanduku ka biti 64. Ile TP walinipa 4 kwa 20, na kaye ningali nayo.