Usikichimbue hicho kigae

Ndugu, umeuliza wanaakiolojia wanajuaje umri wa kigae, yaani kipande cha chungu kilichovunjika, kisicho na maandishi, na kama uvichimbue vigae ulivyoviona vikichomoza ardhini. Tafadhali, usivichimbue. Kigae peke yake husema machache. Udongo kilimolala ndio husema mengi. Kwa kawaida tabaka la chini ni la kale kuliko la juu, isipokuwa pale mizizi au wanyama wachimbao mashimo walipovuruga. Mkaa uliolala kando yake hupimwa kaboni 14, aina ya kaboni iliyomo katika viumbe hai, ambayo baada ya kiumbe kufa hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi; kiasi kilichobaki huonyesha umri wa mkaa, na hivyo wa kigae kilicholala nao. Ukikichomoa kigae, uhusiano wake na mkaa huo umepotea, na hakuna maabara itakayourudisha. Piga picha ukiweka rula pembeni, andika mahali penyewe, kisha wajulishe watu wa makumbusho.