Paa la mawe nani alilipie?

Wiki iliyopita mliuliza kama mji mdogo wenye majengo ya kale uishi kwa utalii au uvutie viwanda. Swali limenigusa, kwa kuwa niliwahi kupanga chumba Gjirokastër, kusini mwa Albania, na tangu hapo swali langu ni jingine: paa nani atalilipia?

Nyumba za pale huezekwa kwa mabamba ya mawe yaliyopangwa moja juu ya jingine. Bamba likiteleza, mvua za majira ya baridi, ambazo huko si haba, hupenya hadi kwenye mbao, na mbao zikishaoza uzito wa mawe huangusha paa lote. Asubuhi moja mwenye nyumba, mama wa makamo, aliniita nimshikie fundi ngazi. Fundi aligonga kila bamba kwa mpini wa nyundo huku ametega sikio: lililolia kama chungu kizima alilirudisha mahali pake, lililotoa sauti butu alilitupa uani. Mama yule, binti yake akinitafsiria, alilalamika kwamba vigae vyekundu vya kiwandani vingemgharimu kidogo. Fundi alicheka tu, maana paa la mawe halibadilishwi hivi hivi pale: mji ulitangazwa kuwa wa makumbusho mwaka 1961, enzi za Enver Hoxha, mtawala wa kikomunisti wa Albania na mzaliwa wa hapo hapo, na mwaka 2005 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Isitoshe, ndugu za mama yule, warithi wenzake wa nyumba, walihamia Ugiriki utawala wa kikomunisti ulipoanguka, na ofisi aliyoiendea kuomba msaada ilidai saini za warithi wote.

Nilikusudia kuandika kwamba utalii ni riziki ya msimu na kwamba viwanda ndivyo vitakavyowarudisha vijana. Hata hivyo, ujira wa fundi siku ile ulitoka katika kodi ya vyumba tuliyolipa sisi wageni, wala sioni kiwanda ambacho kingejishughulisha na paa la mtu. Basi nachagua utalii, lakini kwa masharti: sehemu ya viingilio vya ngome ya mji itengwe kwa mapaa ya nyumba zinazokaliwa, mafundi wa mawe wapewe wanagenzi wanaolipwa, na mrithi anayeishi ndani aruhusiwe kukarabati bila kuwasubiri waliohama. Sharti hili la mwisho likikataliwa, mnihesabu upande wa viwanda.