Draisuti ya kwanza: anzeni na nguo za ndani

Wadogo zangu mliojifunza kuzamia Nungwi na Pemba, kisha mkahamia Uingereza, kila baridi ikikaribia nawaona mnanunua draisuti, suti ya kuzamia isiyoingiza maji, kwa mtindo uleule: bei, rangi, jina la kampuni. Jamani, tusikilizane.

1. Nguo za ndani kwanza. Trilaminati, ile draisuti ya kitambaa chembamba cha tabaka tatu, huzuia maji tu. Joto linatunzwa na hewa iliyotulia ndani ya flisi, nguo ya manyoyamanyoya mnayovaa chini yake. Maji ya machimbo ya mawe tunamozamia huku hushuka hadi nyuzi 5 hivi wakati wa baridi, na maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa. Pamba msiiguse, ikilowa jasho inabaki imelowa.

2. Suti ijaribiwe juu ya nguo hizohizo. Hapa ndipo subira inaponiishia. Wetisuti, ile inayoruhusu maji kuingia, lazima ibane, kwa hiyo mnadhani na hii ni vivyo hivyo. Kijana mmoja ninayempenda kama ndugu wa tumbo moja alinunua ya mtumba mwezi wa Julai, akaijaribu juu ya fulana. Ikamkaa utadhani kapimwa na fundi. Februari tukaenda nayo Stoney Cove, machimbo yaliyojaa maji kule Leicestershire, safari hii kavaa flisi nene ndani. Chini, karibu mita 20, mambo shwari. Tulipoanza kupanda, hewa ndani ya suti ikatanuka, kama inavyotanuka siku zote. Mnajua inavyotolewa: unainua kiwiko cha kushoto, vali ya mkononi ikae juu kuliko sehemu nyingine. Kwapa lilikuwa limembana, kiwiko kikagoma kufika hata usawa wa bega. Akaanza kupaa, macho yamemtoka. Nikamdaka mkanda wa bisidi, ile fulana ya hewa ya kuelea, nikakielekeza kiganja chake juu, nikapenyeza vidole kwenye mpira wa mkono, ule unaobana kifundo kuzuia maji. Hewa ikatoka, yale maji ya baridi yakaingia hadi begani. Kituo cha usalama, ile dakika chache za kusubiri kwenye mita 5 kabla ya kuibuka, alikimaliza akitetemeka mwili mzima, na mimi nimemng'ang'ania mkanda bado. Kijana mwenye afya, mzamiaji mzuri, nusura aumie mapafu kwa sababu ya kwapa la suti!

Basi dukani chuchumaeni, jikumbatieni, kisha pelekeni mkono nyuma ya kisogo, mahali vali ya mtungi inapokaa. Kimoja kikishindikana, vua.

3. Mipira ya shingo na mikono: lateksi ni laini, lakini jua na mafuta huiozesha, kwa hiyo ya mtumba ivuteni taratibu mtafute nyufa. Silikoni ya pete hubadilishwa bila gundi. Shingo ikibana hadi kichwa kiwe chepesi, usivumilie, irekebishwe.

4. Zipu ya shaba hupakwa nta kwa nje. Ya plastiki hutiwa grisi ya silikoni pale mwisho inapofungia. Kuibadilisha ni pesa nyingi, ulizeni umri wake kabla ya kulipa.

5. Draisuti ya neoprini, mpira wenye vipovu vya hewa kama wa wetisuti, ina joto lake yenyewe, ila hubanwa kadiri mnavyoshuka, joto na uelezi, yaani nguvu ya kuelea, vikapungua. Tena ni nzito na hukauka polepole. Anayesafiri achukue trilaminati.

6. Mapezi ya zamani huenda yasiingie kwenye buti, na risasi, vile vizito vya kuwazamisha, zitaongezeka. Anzieni bwawani na mwalimu, mjifunze kujipindua hewa ikikimbilia miguuni. Na muuzaji akikataa mjaribu suti mkiwa na nguo zenu za ndani, ageni mtoke, maduka ni mengi.